Roho, Nafsi na Akili: Uhakiki wa Lugha ya Imani na Lugha ya Elimunafsi katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Uhusiano baina ya elimunafsi na imani ya Kikristo ni mada iliyojadiliwa sana na wanateolojia na waganga wa Ulaya na Marekani. Mwaka 1902 William James alichapisha mihadhara aliyoitoa Edinburgh kuhusu aina mbalimbali za mang'amuzi ya kidini, akashikilia kwamba mang'amuzi hayo yapimwe kwa matunda yake wala si kwa asili yake tu. Mwaka 1927 Sigmund Freud aliiita dini njozi inayozaliwa na matamanio ya binadamu. Mwaka uliofuata Oskar Pfister, mchungaji wa Zürich aliyekuwa rafiki yake na mfuasi wa mbinu zake za tiba, alimjibu kwa makala ambayo hata jina lake lililigeuza jina la kitabu cha Freud kinyumenyume. Katika mjadala huo kila upande ulikuwa na msamiati wake, na msamiati huo ulikuwa umekwisha kukomaa katika lugha za wajadili wenyewe.

Katika Kiswahili hali si hiyo. Mhubiri na mshauri nasaha wanachota maji katika kisima kimoja. Wote wawili hawana budi kusema roho, nafsi, moyo na akili, nayo ni maneno ambayo hayakuundwa na yeyote kati yao. Roho, nafsi na akili yametoka katika Kiarabu na yalikuwa na maana zake za Kiislamu kabla ya misheni ya kwanza ya karne ya kumi na tisa kujengwa. Moyo ni neno la Kibantu, nalo lina umri mkubwa kuliko yote. Hoja ya makala haya ni kwamba ugomvi baina ya elimunafsi na imani katika pwani ya Malindi na Kilifi ni kwa kiasi kikubwa ugomvi wa maneno hayo machache, na kwamba kutoyachunguza kumekuwa na gharama. Gharama hiyo ilionekana mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola.

Urithi wa Rabai

Hapana budi kuanza Rabai, mahali ambapo leo ni sehemu ya Kaunti ya Kilifi. Johann Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walianzisha kituo chao Rabai. Kazi waliyoiacha kwa wanaisimu ni kubwa kuliko idadi ya watu waliowabatiza. Kamusi ya Kiswahili ya Krapf ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake, na kamusi ya lugha ya Wanyika, iliyotokana na maandishi yake na ya Rebmann, ilitoka mwaka 1887. Mwaka 1891 W. E. Taylor alichapisha msamiati wa Kigiriama. Kwa hiyo watu wa kwanza kuyaorodhesha kimaandishi maneno ya pwani hii yahusuyo undani wa binadamu walikuwa wamisionari, nao waliyaorodhesha ili wapate kuhubiri.

Jambo hili si la kulaumiwa kwa haraka, maana pasipo kazi hiyo mengi yangalipotea. Lakini lina athari. Mworodheshaji anayetafuta neno la kutafsiria Maandiko huuliza ni neno gani la wenyeji linalolingana na neno la Kiyunani alilo nalo mkononi. Haulizi jinsi wenyeji wanavyougawa undani wa mtu. Katika Kigiriama mtu aliyesumbuka hakuwa na jambo la moyoni tu. Alikuwa pia na jambo lililo baina yake na koma, yaani wahenga waliokufa, na baina yake na pepo, na juu ya wote Mulungu. Maradhi ya undani yalikuwa uhusiano ulioharibika. Tafsiri iliyahamishia maradhi hayo ndani ya mtu mmoja, ikayapa makazi katika roho.

Hata ndani ya Biblia yenyewe makazi hayo hayakutulia. Neno la Kiyunani ambalo ndilo mzizi wa jina la saikolojia limetafsiriwa katika Biblia ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, kwa namna zaidi ya moja. Katika Mathayo 10:28 limekuwa roho, neno lile lile linalotumika kwa Roho Mtakatifu. Katika Mathayo 16:25 limekuwa nafsi. Katika Habari Njema, aya hii ya pili ina neno maisha. Kila chaguo lina sababu zake za kitaalamu. Hata hivyo msikilizaji wa kawaida hana Kiyunani cha kumwongoza. Akiambiwa kwamba kuna kupoteza nafsi ili kuipata, anafikiri juu ya kitu kilichomo ndani yake, tofauti na mwili. Akiambiwa kwamba kuna kupoteza maisha, anafikiri juu ya siku zake, watoto wake na shamba lake. Tofauti ya neno moja yaweza kuufanya mwili uonekane ama mwenzi wa mtu ama mzigo wa kutuliwa.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inalijua jambo hili kwa njia yake. Kutoka katika roho limepatikana neno mroho, yaani mtu mlafi, na uroho, yaani tamaa isiyoshiba, hasa ya chakula. Wataalamu wa Kiebrania wamekwisha kueleza kwamba neno la Agano la Kale linalotafsiriwa nafsi lina pia maana ya koo na hamu. Kwa hiyo katika lugha zote mbili undani wa mtu na njaa yake ni majirani. Anayefunga anaupiga vita uroho kwa ajili ya roho. Na neno lenyewe linamwonya kwamba vita hivyo vinapiganwa ndani ya nyumba moja.

Kufunga, kunyimwa na kuuawa

Matukio ya Shakahola yanajulikana, na hapa yatatajwa kwa ufupi. Mwezi wa Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu huo, upande wa bara wa Malindi, mahali walipokuwa wakiishi wafuasi wa Paul Nthenge Mackenzie, mhubiri aliyekuwa ameanzisha kanisa lake Malindi mwaka 2003. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Upande wa mashtaka ulidai kwamba wafuasi walihimizwa kukaa bila chakula ili wakutane na Yesu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, lakini wengine, wakiwemo watoto, walionekana kunyongwa, kupigwa au kuzibwa pumzi. Mwaka 2024 Mackenzie na wenzake walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua, wakayakana. Hatia ni jambo la mahakama, na uhakiki wa lugha hauna mamlaka hayo. Unalo jukumu jingine, nalo ni kuuliza jinsi tukio hili lilivyosemwa.

Neno lililoenea tangu siku ya kwanza ni kufunga. Ilisemwa kwamba watu hao walifunga hadi kufa. Sasa kitenzi kufunga, katika maana yake ya saumu, kina sharti moja ambalo kila msemaji analijua hata kama hajapata kulitamka: mtendaji wake ni yule yule anayeshinda na njaa, naye lazima awe na nia. Mtu aliyekosa chakula hajafunga. Mgonjwa asiyeweza kumeza hajafunga. Mtoto mchanga hafungi. Kwa Waislamu wa pwani sharti la nia limo katika sheria yenyewe ya saumu, na mtoto ambaye hajabaleghe hawajibiki. Kwa Wakristo nia ndiyo inayoitofautisha saumu na ukame.

Kwa hiyo kusema kwamba watoto wa Shakahola walifunga ni kosa la sarufi kabla ya kuwa kosa la maadili. Kiswahili kinayo maneno ya jambo lile: kunyimwa chakula, kushindishwa njaa, kuuawa. Yote yana mnyambuliko unaodai mtendaji mwingine. Kunyimwa kunauliza: na nani? Kufunga hakuulizi. Neno la ibada lilipotumiwa kuyafunika matendo yote yaliyotendeka msituni, lilimfuta mtendaji na kumwachia marehemu peke yake mzigo wa kitendo. Waandishi wa habari na viongozi waliolitumia hawakuwa na nia hiyo. Walilipokea kutoka kwa watu wale wale waliotuhumiwa, nao hawakulipima.

Sheria nayo iliingia katika mtego huo huo kwa mlango mwingine. Mwezi wa Juni 2023 watu wapatao 65 waliotolewa msituni, ambao waliendelea kukataa chakula katika kituo cha uokozi, walishtakiwa kwa kosa la kujaribu kujiua. Kiambishi -ji- kilitosha kuwageuza. Wiki chache kabla walikuwa waathiriwa. Sasa walikuwa washtakiwa, kwa sababu kitenzi kilikuwa kimemweka mtenda na mtendwa katika mwili mmoja. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu, kwa uamuzi wa Jaji Lawrence Mugambi, ilitangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilicholifanya jaribio la kujiua kuwa jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Miongoni mwa walioleta shauri hilo walikuwa matabibu wa maradhi ya akili. Hapa elimunafsi ilifanya kazi ambayo kanisa, kwa mafundisho yake kuhusu huruma, lingaliweza kuifanya mapema zaidi.

Kuokoka na kuokolewa

Neno la pili linalohitaji kuchunguzwa ni okoa pamoja na minyambuliko yake. Tangu uamsho ulioenea Afrika Mashariki kutoka Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, kuokoka kumekuwa neno la kumtambulisha Mkristo wa aina fulani. Umbo lake ni la kutendeka: halimtaji mwokozi, bali linaonyesha hali aliyoifikia mtu. Kuokolewa, kwa upande mwingine, ni kutendwa, nako kunamtaja au kumdokeza aliyetenda.

Polisi na wahudumu wa Msalaba Mwekundu walipoingia msituni, walikwenda kuwaokoa watu. Lakini kwa imani ya baadhi ya watu hao, waliokuwa wakiokolewa walikuwa wakinyang'anywa wokovu. Mzizi ni ule ule, na maana zinakabiliana ana kwa ana. Mtu aliyeamini kwamba amebakiza siku chache aokoke kabisa alisikia kwamba amekuja mtu kumwokoa, na akakimbilia vichakani. Hakuna istilahi ya kitabibu inayoeleza kukataa huko kwa usahihi kuliko mgongano huu wa maana ndani ya neno moja. Mshauri nasaha aliyefika na kusema kwamba wameokolewa, washukuru, alikuwa amekwisha kubishana nao juu ya teolojia bila kujua.

Hapo ndipo elimunafsi isiyoijua lugha ya imani inaposhindwa, wala haishindwi kwa uhaba wa dawa. Na hapo pia ndipo mchungaji asiyejua elimunafsi anaposhindwa, maana yeye huona kwamba neno limepotoshwa, akaharakisha kulisahihisha kwa aya nyingine, wakati mwili ulio mbele yake umedhoofika kiasi cha kutoweza kupima aya yoyote. Njaa ya muda mrefu hudhoofisha umakinifu na uamuzi. Jambo hilo ni la mwili, na linatangulia mjadala.

Kukataa chakula katika historia ya pwani

Ni rahisi kudhani kwamba tukio kama hili lilitokana na mila za wenyeji. Dhana hiyo haina msingi, kwa kuwa wafuasi walitoka sehemu nyingi za Kenya. Hata hivyo pwani hii ina historia ya kuufanya mwili uliokataa chakula kuwa usemi wa kidini, na historia hiyo inafundisha.

David Parkin, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu Wagiriama wakulima wa minazi, alieleza juu ya watu waliosilimu kwa ajili ya tiba. Mtu aliugua, mganga akatambua kwamba amepandwa na pepo wa Kiislamu, na dawa ikawa ni kushika miiko ya Uislamu, yaani kuacha tembo na vyakula vilivyoharimishwa. Parkin alionyesha kwamba miongoni mwa watu hao walikuwamo waliokuwa wakijikusanyia mali, na kwamba maradhi yaliwapa njia ya heshima ya kujiondoa katika karamu na ulevi wa pamoja ambao ungewala mali yao. Janet McIntosh, aliyechapisha utafiti wake wa Malindi mwaka 2009, ameeleza pia jinsi pepo wa namna hiyo wanavyomfanya Mgiriama atapike chakula, na jinsi jambo hilo linavyofungamana na mipaka ya kabila na cheo baina ya Waswahili na Wagiriama.

Funzo la tafiti hizi ni kwamba mwili unapokataa chakula, husema jambo juu ya jamii: deni, unyonge, mpaka, au hamu ya kutoka mahali fulani. Anayeuliza tu kama mtu ana maradhi ya akili, na anayeuliza tu kama ana imani potofu, wote wawili wanalipita swali hilo. Waliohamia Shakahola waliuza vitu, wakaacha kazi na kuwatoa watoto shuleni. Kabla ya kukataa chakula walikwisha kukataa mengi.

Akili na kasumba

Msamiati wa elimunafsi wenyewe unahitaji kuhakikiwa kwa ukali ule ule. Istilahi iliyoenea ni afya ya akili. Lakini akili katika Kiswahili ni uwezo wa kufahamu na kupanga. Mwenye akili ni mwerevu, na asiye na akili ni mpumbavu. Mtu mwenye huzuni nzito hasemi kwamba akili yake inauma. Husema moyo wake ni mzito, roho inamuuma, amekufa moyo, ana mawazo. Akiambiwa kwamba ana tatizo la akili, husikia kwamba amevuliwa utu uzima, naye huenda kwa mhubiri kwa kuwa angalau mhubiri huzungumza juu ya moyo. Hivyo basi sehemu ya wagonjwa wanaoikimbia hospitali huenda wakawa wanakimbia neno tu.

Kinyume chake, utafiti wa kifafa uliofanywa Kilifi, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome Trust kimekuwapo tangu mwaka 1989, ulilazimika kuanza na majina. Wazazi walisema nyuni, neno la ndege, kwa degedege la watoto, na wakatofautisha maradhi hayo na kifafa cha watu wazima. Utambuzi huo wa wenyeji ulikuwa na maana hata kitabibu. Kujua jina kulikuwa mwanzo wa kujua mgonjwa atapelekwa wapi kwanza, na kwa nini.

Baada ya Shakahola lilisikika pia neno jingine: kwamba wafuasi walitiwa kasumba. Kasumba ni afyuni, na sitiari hii ilitumiwa sana na wahakiki wa kizazi cha uhuru kueleza mawazo ya kikoloni. Ina nguvu, lakini inamfanya mtu kuwa chombo kilichojazwa. Jambo hilo lina mfano wa kutisha katika historia ya Kenya. J. C. Carothers, aliyekuwa msimamizi wa Hospitali ya Mathari, aliandika mwaka 1953 kwa ajili ya Shirika la Afya Duniani juu ya akili ya Mwafrika, na mwaka 1954 akaiandikia serikali ya kikoloni juu ya elimunafsi ya Mau Mau. Kiapo cha watu walionyang'anywa ardhi kilisomwa kama dalili ya akili iliyovurugika, na katika kambi za kizuizini kukiri na kuhubiriwa vikafanywa sehemu ya tiba. Frantz Fanon alimjibu Carothers mwaka 1961. Wakati huo elimunafsi na Ukristo havikugombana hata kidogo. Vilishirikiana, na mfungwa ndiye aliyelipa.

Kwa hiyo haitoshi kudai kwamba imani na elimunafsi vishikane mikono. Hapana budi kuuliza vinashikana juu ya nani.

Fasihi iliyotangulia

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuliona swali hili. Katika Rosa Mistika, riwaya aliyoitoa Euphrase Kezilahabi mwaka 1971, msichana aliyelelewa katika nyumba ya Kikatoliki chini ya ukali wa baba yake anafikia kujiua. Mwandishi hakumwita mgonjwa, wala hakumwita mwenye dhambi akaishia hapo. Riwaya haikomi kaburini, bali inaupeleka mgogoro wa baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, ambako swali la nani aliyeharibu nafsi ya nani linaulizwa kwa uwazi. Kezilahabi alikataa kukiacha kitenzi cha kujiua kimpe marehemu hatia yote. Wahakiki wengi walijishughulisha na maadili ya riwaya hiyo hata wakaisahau sarufi yake. Ni sarufi hiyo hasa iliyokosekana katika maelezo ya mwaka 2023.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba katika Kiswahili mpaka baina ya elimunafsi na imani haupiti kati ya misamiati miwili, bali unapita ndani ya maneno yale yale: roho iliyotafsiriwa kwa namna nyingi, kufunga kunakoficha kunyimwa, kuokoka kunakopingana na kuokolewa, akili inayoutia aibu moyo. Hilo linawapa wanalugha kazi mahususi. Istilahi za ushauri nasaha zinaundwa na kusanifiwa mezani, na mara nyingi kipimo chake kimekuwa ulinganifu wake na Kiingereza. Kipimo kingine kinahitajika: kama mgonjwa wa Ganze au Magarini, akilisikia neno, atajitambua ndani yake. Vyuo vinavyofundisha wachungaji na vile vinavyofundisha washauri vingeweza kufanya kazi hiyo pamoja, kwa kukusanya semi za watu wenyewe juu ya dhiki kabla ya kuzitungia tafsiri.

Kazi hiyo haiwezi kungojea. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa Kwa Binzaro, katika kaunti ile ile ya Kilifi, na kwa mara nyingine habari za kwanza zilisema kwamba watu walikuwa wamefunga.